Hesabu ya Umeme wa Jua Nyumbani

Nchi zilizo karibu na mstari wa ikweta hupata jua la kutosha karibu mwaka mzima, na kwa sababu hiyo watu wengi huamini kwamba yeyote aliyeweka paneli juu ya bati lake ameachana na giza moja kwa moja. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imewatia wengi hasara, kwani mara nyingi mtambo wa sola unaozimika mapema nyumbani hauzimiki kwa kukosa jua wala kwa ubovu wa paneli, bali kwa sababu haukupigiwa hesabu kabla ya kununuliwa, na kwa sababu betri, ambayo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika mtambo huo, ilitumiwa isivyostahili.

Paneli yenyewe haina sehemu inayozunguka wala mafuta ya kuongezwa. Ndani yake mmepangwa vipande vyembamba vya silikoni, viitwavyo seli, na mwanga unapovipiga, chembe ndogo mno ziitwazo elektroni huachiliwa na kusukumwa upande mmoja, na mwendo huo wa elektroni ndio umeme. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga unaweza kuzalisha umeme, lakini seli ya silikoni iliyofaa kwa matumizi ilipatikana mwaka 1954 katika maabara za Bell nchini Marekani, nayo iligeuza takriban asilimia 6 tu ya nishati ya mwanga kuwa umeme, ilhali paneli nzuri za siku hizi hufikia asilimia 20 na kuzidi kidogo. Inafaa kusisitizwa kwamba kinachozalisha umeme ni mwanga, si joto. Joto, kwa hakika, ni adui wa paneli, kwani inapopita nyuzi 25 za Selsiasi nguvu zake huanza kupungua, na ile iliyobanwa juu ya bati pasipo nafasi ya hewa kupita chini yake, hata ikafikia nyuzi 60, hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu hizo.

Wati zinazoandikwa nyuma ya paneli ni kipimo cha kiwandani, kinachochukuliwa chini ya mwanga mkali sawa na ule wa jua la utosini. Kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni ni hafifu, wataalamu hukusanya mwanga wa siku nzima na kuuhesabu kana kwamba ni saa chache za jua kali, ambazo katika sehemu nyingi za Tanzania na Kenya huwa kati ya 4 na 6 kwa siku. Paneli ya wati 100 ikipata saa 5 za namna hiyo huzalisha wati-saa 500, yaani wati zikizidishwa kwa saa, kabla ya kutoa kinachopotea njiani kwenye waya, betri na vifaa vingine. Wati-saa 1,000 ndizo uniti moja, ileile ambayo mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, huinunua kwa LUKU, yaani kwa kulipia kabla ya kutumia.

Hesabu ya nyumba basi huanzia kwenye matumizi, si kwenye paneli. Familia yenye taa nne za wati 5 zinazowaka saa 5 hutumia wati-saa 100. Televisheni ndogo ya wati 30 ikitazamwa saa 4 huongeza 120. Simu tatu zinazochajiwa huongeza kama 30. Na feni ndogo ya wati 15 inayozunguka saa 8 za usiku huongeza 120 nyingine, hivyo jumla ikawa wati-saa 370 kwa siku. Kwa kuwa karibu theluthi moja ya kinachozalishwa hupotea njiani, mtambo huo unahitaji kuzalisha kama wati-saa 550, na mahali penye saa 4 na nusu za jua kali paneli ya wati 120 hadi 150 itatosha. Pasi ya umeme inayokula wati 1,000, jiko la umeme na hita ya maji haviingii kabisa katika hesabu ya namna hii, na muuzaji anayemwahidi mteja kwamba mtambo huo mdogo utaendesha kila kitu hamtakii mema.

Linalofuata ni betri, na hapa ndipo fedha nyingi za wananchi zinapoteketea. Betri ya risasi na asidi yenye volti 12 na ampia-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ikitumiwa hadi ikaisha kabisa kila usiku haitachukua muda mrefu kufa, kwa sababu inapokaa bila chaji chumvi ya salfeti hugandama kwenye bamba zake za risasi na kuzizuia kupokea chaji tena. Kwa hiyo inashauriwa isitumiwe kupita nusu ya uwezo wake, jambo linalomaanisha kwamba mwenye betri hiyo ana wati-saa 600 tu za kutegemea, ambazo kwa familia iliyotajwa hazifiki hata siku mbili za mawingu. Betri ya gari, ambayo wengi huinunua kwa kuwa ni ya bei nafuu na inapatikana kila mahali, ndiyo isiyofaa kabisa, kwani bamba zake ni nyembamba na imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kuutoa kidogo kidogo usiku kucha.

Betri hulindwa na kifaa ambacho mafundi hukiita chaji kontrola, ambacho huizuia isijazwe kupita kiasi na hukata umeme wa taa pale chaji inapokaribia kwisha. Kwa bahati mbaya, kifaa hiki huonekana kisumbufu: taa zinapozimwa saa tatu za usiku, watu hukiruka na kuunga waya moja kwa moja kwenye betri, wakifurahia mwanga wa usiku huo bila kujua kwamba wanaila betri yenyewe. Betri za kisasa za lithiamu huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi na hudumu miaka mingi zaidi, na ingawa bei yake ya kuanzia ni kubwa, mwenye uwezo wa kuimudu hupata nafuu akihesabu gharama za miaka kumi.

Ufungaji nao una kanuni zake. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa ziko kusini mwa ikweta, hivyo paneli huelekezwa kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi kama 10 hadi 15 unaotosha mvua kuosha vumbi. Kivuli cha tawi la mwembe kikiangukia kona moja tu hupunguza umeme wa paneli kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa seli zimeungwa mfululizo na iliyo dhaifu huzirudisha nyuma nyingine. Waya nyembamba pia ni hasara, maana kifaa cha wati 60 kwenye volti 12 huvuta ampia 5, ilhali kwenye volti 230 kingevuta karibu robo ya ampia tu, na kadiri ampia zinavyozidi ndivyo waya nyembamba inavyopoteza umeme. Fundi anayeyajua haya anapaswa kuwa karibu na kijiji, na ndiyo sababu kituo cha Barefoot College huko Kinyasini, Unguja, kinachowafundisha wanawake wa vijijini kufunga na kutengeneza mitambo ya sola, kinastahili kuigwa kwingineko.

Majengo makubwa yana nafuu ambayo nyumba nyingi hazina, kwani ofisi, shule na maduka hutumia umeme mwingi mchana, saa zilezile ambazo jua linawaka, na hivyo huweza kupunguza sana au kuacha kabisa gharama ya betri. Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri mwaka 2011 lilisanifiwa tangu mwanzo likiwa na zaidi ya kilowati 500 juu ya paa. Mwaka 2024 Kenya ilitoa kanuni zinazomwezesha mwenye paneli kuingiza umeme wa ziada katika gridi ya taifa na kuhesabiwa katika bili yake, hatua ambayo serikali nyingine za eneo hili zingefanya vyema kuitazama kwa makini.

Limebaki jambo moja ambalo wauzaji hulizungumzia kwa nadra. Kila betri ya risasi itakufa, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi, wakiwemo watoto, hata mahakama ikaamuru mwaka 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo betri iliyokufa isipasuliwe uani, asidi yake isimwagwe karibu na kisima, na kabla ya kulipa hata shilingi moja ya sola, mnunuzi amuulize muuzaji iwapo ataipokea betri hiyo itakapochakaa, na kwa muuzaji asiye na jibu asinunue.