Chumba cha Hisi na Mtoto Mwenye Usonji: Anayeshika Swichi ni Nani?

Swali linaloulizwa sana na wazazi wa watoto wenye usonji ni iwapo chumba cha hisi, yaani chumba ambamo mwanga, sauti na vitu vya kugusa hupangwa ili viongezwe au kupunguzwa kwa makusudi, kinaponya. Hakiponyi. Chumba hicho kilianzia Uholanzi katika miaka ya 1970, pale Jan Hulsegge na Ad Verheul wa kituo cha De Hartenberg walipowatengenezea watu wenye ulemavu mkubwa wa akili mahali pa kutulia, na wauzaji wa vifaa ndio waliokuja kuigeuza taa kuwa dawa.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, uliochapishwa mwaka 2021 na kuwahusisha watoto 41 wenye usonji wa umri wa miaka 4 hadi 12, ulibaini kwamba vifaa vile vile vilileta matokeo tofauti kutegemea aliyeviendesha: mtoto alipovitawala mwenyewe, umakini uliongezeka, na miondoko na maneno ya kujirudiarudia yakapungua, ingawa tabia nyingine hazikubadilika.

Kiini cha jambo hili kimo katika kuzoea. Kwa kawaida amigdala, sehemu ya ubongo inayopima hatari, hushtushwa na kelele au mguso mpya, kisha hutulia kadiri kichocheo kinavyorudiwa. Lakini picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2015 na kundi la Shulamite Green huko California zilionyesha kwamba, kwa vijana wenye usonji wanaosumbuliwa sana na hisi, kelele za magari na mkwaruzo wa kitambaa cha sufu viliendelea kuishtua amigdala hata viliporudiwa. Kichocheo anachokianzisha mtu mwenyewe, hata hivyo, ubongo hukitabiri kabla hakijafika na kukipunguzia makali, na ndiyo maana ni vigumu mtu kujitekenya akacheka. Kwa hiyo inaelekea kwamba mtoto anayebonyeza swichi haupokei mwanga kama anavyoupokea yule anayewashiwa.

Na kwa kuwa madai ya uponyaji huenda pamoja na madai kuhusu chanzo, isemwe pia kwamba usonji hausababishwi na majini, laana wala chanjo, na inachosha kulazimika kurudia kwamba makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo na usonji, ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010. Wanaowauzia wazazi klorini daioksaidi, kemikali ya kung'arishia karatasi, kama tiba ya usonji wanauza sumu, na hata jina la uganga hawalistahili.

Nyumbani, kona yenye pazia zito, taa hafifu na vitu vichache alivyovichagua mtoto inatosha. Taa za kumetameta ziepukwe kwa mwenye kifafa, ugonjwa unaowapata watu wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko wengine, na mlango usifungwe kwa nje.