Kibanzi, msumari na pepopunda: jeraha dogo linalosahauliwa kando ya Ziwa Mweru

Familia inapotengeneza kitanda nyumbani, jeraha linaloogopewa ni la msumeno. Damu hutoka, watu hupiga kelele, na aliyeumia hukimbizwa kliniki. Lakini jeraha linaloweza kuua mara nyingi ni lile ambalo hakuna aliyelitazama mara mbili: kibanzi kilichoingia chini ya ukucha, au msumari uliomchoma unyayo mtu aliyekuwa akitembea pekupeku kati ya mbao chakavu.

Wilayani Nchelenge, katika mkoa wa Luapula kaskazini mwa Zambia, useremala wa nyumbani si burudani ya mwisho wa juma. Katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, watu walivuka mpaka na kile walichoweza kubeba, na kitanda hakibebwi kichwani. Kwa wenyeji wa ufukweni pia kuna majira yanayoita kazi hii. Kila mwaka uvuvi katika Ziwa Mweru hufungwa kuanzia tarehe mosi Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na mikono iliyozoea nyavu hupata nafasi ya kurekebisha mlango, meza au kiti kilichovunjika. Miezi hiyo ndiyo ya mvua. Ua huwa tope, na kuku na mbuzi hupita humo humo zinamolazwa mbao.

Ubao wa mti ambao Wabemba huuita mulombwa, na Watanzania mninga, ni mzuri na una bei yake. Asiyeimudu hutafuta mbao zilizokwisha kutumika: za makasha, za milango ya zamani, za mtumbwi uliooza upande mmoja. Mbao hizo huja na misumari yake ndani, mingine ikiwa imekatika vichwa na kufichwa na rangi.

Chukua mfano wa baba na mwanawe wa miaka 12 wanaong'oa mbao za mtumbwi wa aina hiyo ili watengeneze kitanda. Mtoto anakata kidole kwa patasi; kinafungwa kitambaa na mama anampeleka kliniki siku hiyo hiyo. Baba anakanyaga msumari, anauchomoa, anafuta tone la damu kwa kidole gumba na kuendelea na kazi. Baada ya siku tatu tundu limefunga na amelisahau. Siku ya tisa anaamka taya limekaza, hawezi kufungua kinywa vizuri ili ale nshima. Anadhani ni jino.

Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya pepopunda. Wauguzi wengi wa Zambia watauita ugonjwa huu tetenasi, na waliosomea Kongo wanaujua kama tetanosi; ni ugonjwa mmoja.

Kutu haina hatia

Imani iliyoenea ni kwamba pepopunda huletwa na kutu. Kutu haina ubaya huo. Ugonjwa husababishwa na bakteria wanaoishi katika udongo, katika vumbi na katika kinyesi cha wanyama na hata cha binadamu. Mazingira yakiwa magumu, bakteria hao hujifungia ndani ya ganda gumu, hali ambayo wataalamu huiita spora, na wanaweza kukaa hivyo kwa miaka mingi wakivumilia jua, ukame na dawa nyingi za kuua vijidudu. Msumari uliolala uani kwa muda mrefu huwa na kutu kwa sababu umekaa uani, na huwa na spora kwa sababu hiyo hiyo. Msumari mpya unaong'aa ulioangukia kwenye mavi ya mbuzi ni hatari vilevile.

Kinachoamua ni umbo la jeraha. Bakteria hawa hawapendi hewa. Kidonda kipana kinachotoa damu nyingi huoshwa kwa kiasi fulani na damu yenyewe na kubaki wazi. Tundu la msumari au la kibanzi ni jembamba na lenye kina. Ngozi ya juu hujifunga upesi na kuacha chini kipande cha uchafu na nyama iliyokufa mahali pasipofikiwa na hewa. Hapo spora hufunguka, bakteria huongezeka na kuanza kutoa sumu. Ndoano iliyozama kidoleni, mwiba wa samaki na tundu lililoachwa na funza mguuni huweza kufungua mlango huo huo.

Sumu hiyo husafiri kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo. Kwa kawaida kila msuli una amri mbili: ya kukaza na ya kulegea. Sumu ya pepopunda huizuia ile ya kulegea. Taya ndilo aghalabu hutangulia, kisha shingo, kisha tumbo huwa gumu kama ubao, na mgongo hupinda kuelekea nyuma. Mlango ukigongwa, taa ikiwashwa, au mtu akiguswa tu, mwili mzima hushikwa na mkakamao. Mkakamao huo waweza kuwa mkali kiasi cha kuvunja mfupa, na unapofika kwenye misuli ya kifua na koo, pumzi hukatika.

Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia. Jeraha likiwa karibu na kichwa, muda huwa mfupi. Likiwa mguuni, huwa mrefu zaidi. Umbali huo kati ya jeraha na ugonjwa ndio unaowapoteza watu. Tundu limepona, hakuna usaha, hakuna uvimbe, na mgonjwa mwenyewe hataji msumari kwa sababu haoni unahusikaje. Jina lenyewe, pepopunda, linaashiria jinsi watu wa kale walivyoielewa mitukutiko hiyo: ni pepo aliyempanda mtu. Hata leo wapo wanaoanza na mganga.

Nchelenge ina mtego mwingine. Ni miongoni mwa maeneo ya Zambia yenye malaria nyingi mno, nayo haina msimu wa kupumzika. Mtu akitetemeka na kukakamaa, jambo la kwanza linalofikiriwa ni malaria iliyopanda kichwani. Tofauti muhimu ni fahamu: mwenye malaria kali ya ubongo hupoteza fahamu, na mwenye kifafa hajui kinachompata, ilhali mwenye pepopunda kwa kawaida yuko macho, anasikia kila neno na kuhisi kila maumivu. Hakuna kipimo cha damu cha kuaminika cha kuthibitisha pepopunda. Daktari hutegemea macho yake na maelezo ya familia, na ndiyo maana sentensi moja, «wiki iliyopita alikanyaga msumari», inaweza kuwa na thamani kuliko vipimo vyote.

Mama ana kinga, baba hana

Mfano wa kitanda haukumweka baba katika nafasi ya mgonjwa kwa bahati mbaya. Mtoto wa miaka 12 aliyezaliwa Zambia na kufuata ratiba ya kliniki alichanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa chanjo ya pamoja yenye kinga ya pepopunda ndani yake. Mama aliyehudhuria kliniki ya wajawazito alipewa chanjo ya pepopunda kwa mimba moja baada ya nyingine, kwani sumu hii iliua watoto wachanga wengi kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Kazi hiyo imezaa matunda: Zambia ilithibitishwa mwaka 2007 kuwa imetokomeza pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2019.

Baba hana mimba. Kama alichanjwa utotoni, kinga ile imepungua mwaka hadi mwaka. Kama alizaliwa katika kijiji kilichofikwa na vita kabla ya chanjo, huenda hajawahi kuchanjwa kabisa. Hakuna siku katika maisha yake ya utu uzima ambayo mfumo wa afya ulimwita. Ni ajabu kwamba mwenye kushika nyundo, ndoano na jembe ndiye anayeachwa nje.

Pengo hili lilionekana wazi kwa njia isiyotarajiwa. Tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya hiari ya wanaume kama njia mojawapo ya kupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi mashariki na kusini mwa Afrika, Zambia ikiwemo. Mamilioni walitahiriwa salama, lakini visa vichache vya pepopunda vilijitokeza, baadhi yake kwa wanaume waliokuwa wamepaka kidonda dawa za kienyeji. Shirika hilo lilitoa ushauri kuhusu chanjo kwa wanaotahiriwa, na likakumbusha kuwa kinga ya wanaume inahitaji kuangaliwa katika maisha yao yote.

Kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa, dozi ya kwanza peke yake haimpi kinga ya kutegemewa. Ya pili hutolewa baada ya wiki 4, na ya tatu baada ya miezi 6. Hapo kinga hudumu angalau miaka 5. Dozi ya nne, mwaka mmoja baadaye, huifikisha miaka 10, na ya tano huirefusha kwa miongo. Kadi isitupwe. Aliyepoteza kadi na asiyekumbuka huhesabiwa kuwa hajachanjwa, na kurudia chanjo ni salama kuliko kubahatisha.

Jeraha linapotokea

Kibanzi kinachoonekana kichomolewe chote kwa kibano safi au sindano iliyochemshwa, kwa kufuata upande kilikoingilia. Tundu lioshwe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kwa dakika kadhaa, wala si kwa kuchovya mguu ndani ya beseni. Majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa na majani yaliyosagwa visitiwe kamwe. Vitatu vya kwanza vinaweza kuwa ndivyo vinavyopeleka spora ndani. Jeraha lenye kina lisizibwe kwa gundi wala kushonwa nyumbani.

Kisha ni kliniki, siku hiyo au kesho yake, hata kama maumivu yamekwisha. Zambia iliondoa ada za huduma za msingi za afya vijijini mwaka 2006. Kwa jeraha chafu, aliyekamilisha chanjo huongezewa dozi ikiwa imepita miaka 5 tangu ya mwisho. Ambaye hakukamilisha huhitaji chanjo pamoja na dawa yenye kingamwili zilizo tayari, zinazoinasa sumu kabla haijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Wazo la dawa hiyo ni la tangu mwaka 1890, pale Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walipoonyesha mjini Berlin kwamba damu ya mnyama aliyepewa kinga inaweza kumkinga mwingine.

Taya likishakaza, si shughuli ya kliniki ndogo tena. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Kwa watu wa ufukwe huu wa Mweru, Hospitali ya Mtakatifu Paulo ya Kashikishi ndiyo iliyo karibu, na anayetoka kisiwa cha Kilwa ana safari ya maji kwanza. Njiani afunikwe macho, asipigiwe kelele, asilazimishwe kumeza chochote. Hospitalini hulazwa katika chumba chenye giza na kimya, husafishwa jeraha, hupewa kingamwili, dawa ya kuua bakteria na dawa za kulegeza misuli. Sumu iliyokwisha kushika mishipa haiwezi kung'olewa. Kinachobaki ni kumsaidia apumue hadi mishipa ichipue miisho mipya, na hilo huchukua wiki nyingi. Pasipo huduma ya wagonjwa mahututi, wengi mno hufa.

Hata penye mashine zote, gharama hutisha. Mwaka 2017, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, mtoto wa miaka 6 ambaye hakuwa amechanjwa alijikata paji la uso akicheza shambani. Jeraha lilisafishwa na kushonwa nyumbani. Siku 6 baadaye taya lilikaza, naye akakaa hospitalini siku 57, kwa gharama iliyozidi dola 800,000. Wazazi waliporuhusiwa kumrudisha nyumbani walikataa dozi ya pili ya chanjo, pamoja na maelezo yote ya madaktari.

Walichokosea wazazi hao hukosewa pia kwingineko: kudhani kwamba aliyepona amepata kinga. Kiasi cha sumu kinachotosha kuua ni kidogo mno kuuzindua mwili ujitengenezee ulinzi wake. Baba wa mfano wetu, akiruhusiwa kutoka Kashikishi baada ya wiki 6, atapewa tarehe ya kurudi kwa dozi inayofuata, na kitanda kitakuwa bado hakijakwisha.