Kesi ikianguka, aliyelalamika si lazima awe mwongo

Kenya ilipotunga Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka 2006, iliweka humo kifungu cha 38: anayemsingizia mwenzake apewe adhabu sawa na ya kosa lenyewe. Hofu iliyokizaa haikuwa ya bure. Nchini Tanzania, kwa mfano, ubakaji huadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 30, na aliyefungwa kwa kusingiziwa hakuna atakayemrudishia ujana wake. Lakini kifungu kile kilimtisha zaidi aliyebakwa kweli akakosa shahidi, maana aliiona kesi ikianguka na kibao kikimgeukia yeye. Kilifutwa mwaka 2012, na kilistahili kufutwa. Mshtakiwa anapoachiwa, mahakama inasema shaka imebaki. Haijasema mlalamikaji alitunga. Uongo nao ni tuhuma, hivyo unadai ushahidi wake.

Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: mtu afungweje kwa neno la mtu mmoja? Kosa hili hutendwa faraghani. Tukishikilia lazima awepo shahidi wa pili, karibu kila mbakaji ataondoka huru. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshikilia kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika. Hata hivyo, mahakama hiyohiyo imeonya kuwa maneno yake si msahafu, sharti yapimwe. Je, alimtaja mtuhumiwa mara alipopata nafasi? Kama alichelewa, kwa nini? Mtoto anayelishwa na huyohuyo aliyemtenda ana sababu nzito ya kunyamaza, na hakimu anapaswa kuitafuta sababu hiyo kabla ya kuuhesabu ukimya wake kuwa dosari.

Fomu ya polisi ya PF3, anayoijaza daktari, nayo hubebeshwa mzigo usio wake. Daktari anaweza kueleza kwamba mwili uliingiliwa, lakini hawezi kwa macho kumtambua aliyeuingilia. Na kukosekana kwa michubuko hakumaanishi ridhaa. Katika kumtambua mhusika, vinasaba husaidia. Huko North Carolina, Marekani, mwanamke aliyebakwa mwaka 1984 alimtambua mtu kwenye gwaride la utambulisho, naye akakaa gerezani zaidi ya miaka 10 hadi vinasaba vilipoonyesha mwaka 1995 kuwa mhalifu ni mwingine. Mwanamke yule hakusema uongo. Macho yake yalikosea. Kwa hiyo kuuliza tu kama mlalamikaji anadanganya hakutoshi kumlinda asiye na hatia. Kinachomlinda ni nguo isiyofuliwa, iliyohifadhiwa kwenye mfuko wa karatasi badala ya plastiki inayotunza unyevu, ikafikishwa maabara mapema. Na nguo hiyohiyo ndiyo inayoweza kumnasa mhalifu.