Pumu na Moyo Mzito

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, anaugua pumu tangu utoto. Kijiji kizima twajua, maana Jumapili hukaa karibu na mlango, mbali na moshi wa ubani. Lakini mwaka jana alianza kuacha mambo. Aliacha kwaya, akaacha shamba, mwisho akaacha hata kusuka nywele za binti zake. Watu wakasema, "Amekuwa mvivu." Nami, nakiri, niliwaza hivyo hivyo.

Mumewe alidhani ni pumu tu imezidi, akampeleka hospitali. Mganga alipokwisha kumpima kifua alimwuliza, "Mama, usingizi waupata? Chakula je? Liko jambo linalokufurahisha siku hizi?" Mama akalia. Kumbe alikuwa na magonjwa mawili, na la pili huitwa sonona.

Sonona si majonzi ya msiba. Mtu hukosa raha na nguvu karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, hata pasipo sababu ya kuonekana. Ni ugonjwa, wala si uvivu wala uhaba wa imani, nao una matibabu.

Wenye pumu hupatwa na sonona mara nyingi kuliko watu wengine, na si ajabu. Katika pumu njia za hewa huvimba, hubana na kujaa makohozi. Aamkaye usiku akitafuta pumzi huogopa kulala tena, na asiyelala huchoka mwili na moyo. Tena mwenye sonona huacha dawa. Dawa za pumu za kuvuta ni namna mbili: ya kufungua kifua upesi anapobanwa, na ya kutuliza uvimbe, ambayo wengi huagizwa kuivuta kila siku, hata wakijiona wazima. Hii ya pili ndiyo mwenye moyo mzito huiacha kwanza. "Ya nini?" husema. Basi kifua hubana, na moyo huzidi kulemewa. Hilo si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi maskini.

Kwa hiyo, wazazi, mwambieni mganga yote mawili. Iko dawa iitwayo propranolo, ambayo pengine hupewa watu wenye wasiwasi ili kutuliza mapigo ya moyo na kutetemeka. Kwa mwenye pumu yaweza kubana kifua hata kuhatarisha maisha. Mganga asiyeambiwa habari ya pumu atajuaje? Vidonge vya prednisoloni navyo, ambavyo hutolewa pumu ikizidi, vyaweza kubadili hali ya moyo. Mgonjwa akibadilika, arudi kwa mganga, asiviache mwenyewe ghafula. Na mtu akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Jirani yetu alitibiwa yote mawili. Mumewe alihamisha jiko la kuni nje ya nyumba, na kila asubuhi humwuliza, "Mama, umevuta dawa?" Nyakati za baridi bado kifua chamsumbua, na kwaya hajarudi. Lakini juzi nilipopita kwao nilimkuta barazani, binti yake mdogo amekaa mbele yake, anasukwa.