Kolwezi: Mwanamke mwenye pikipiki atafute wapi wenzake wa safari?

Saa kumi na mbili asubuhi, barabara za Dilala na Manika, komini mbili za mji wa Kolwezi, zimekwisha kujaa pikipiki. Manseba, kama wanavyoitwa madereva wa taksi za pikipiki huku kwetu, wanabeba wafanyakazi wa kampuni za madini, wanafunzi na wauzaji wa sokoni. Wamama na mabinti ni wengi juu ya pikipiki hizo, lakini karibu wote wameketi nyuma.

Wanaoshika usukani wao wenyewe ni wachache: muuguzi anayepeleka chanjo vijijini, mfanyabiashara anayefuata mzigo wake, mfanyakazi wa shirika. Kila mmoja anapita peke yake, na mara nyingi hajui kwamba mtaa wa pili kuna mwenzake.

Upweke huo una bei yake. Barabara ya kitaifa nambari 39, inayotoka Kolwezi kupitia Fungurume hadi Likasi, karibu kilomita 180, ndiyo njia ya malori yanayopeleka shaba na kobalti kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wakati wa jua, vumbi linamfunga dereva macho. Wakati wa mvua, matope na mashimo yaliyojaa maji yanamwangusha. Mwanamke anayepasukiwa na gurudumu huko jioni, akiwa peke yake, hana wa kumshikia taa wala wa kumwamini. Akiwa na wenzake watatu, ni kazi ya nusu saa na kicheko juu yake.

Ndiyo sababu sehemu nyingine za Afrika wanawake wamejikusanya. Huko Nairobi, klabu ya Inked Sisterhood ni ya wanawake watupu, na wanaendesha pamoja. Siaya, magharibi mwa Kenya, kundi la Boda Girls lilifundisha wanawake kuendesha, na sasa wanasafirisha wamama kwenda hospitalini. Mwaka 2024, Mnigeria Ebaide Udoh alitoka Mombasa hadi Lagos kwa pikipiki, akiwa mwenyewe. Safari kama hiyo inawapa wengi moyo, lakini kwa mtu anayeanza, njia ya kundi ndiyo yenye usalama zaidi.

Wengi wanauliza kwanza: je, mume au familia itakubali? Hilo ni jambo la kuzungumza nyumbani. Lakini upande wa sheria, mambo yamebadilika. Sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, iliyorekebisha Kanuni ya Familia ya 1987, iliondoa ile ruhusa ya mume ambayo mwanamke aliyeolewa alidaiwa kabla ya kufanya mikataba. Mwanamke anaweza kununua pikipiki na kuiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Jambo hili ni kubwa, kwa sababu mwenye makaratasi ndiye anayeamua pikipiki itatoka lini na kurudi lini.

Sasa, wenzako utawapata wapi? Anza kwa fundi wako. Fundi wa pikipiki na muuza vipuri wanamjua kila mwanamke wa mtaa mwenye chombo chake. Mwachie namba yako, umwombe awape wateja wake wa kike, na yule anayetaka atakupigia. Usimlazimishe atoe namba za watu. Kisha uliza kazini, hospitalini, kwenye vituo vya afya na kanisani. Likelemba nayo ni mlango mzuri: wamama waliozoea kuaminiana kwa pesa hawatashindwa kuaminiana barabarani, na mchango huohuo unaweza kununua kofia ngumu moja baada ya nyingine.

Ukialikwa kwenye kundi ambalo lipo tayari, usikimbilie kusema ndiyo. Uliza nani anaongoza, mwendo ni wa kasi gani, wanarudi saa ngapi, nani analipa mafuta na ushuru wa barabara, na pikipiki ikiharibika wanafanya nini. Kundi zuri linajibu bila kukasirika. Kundi linalomcheka mwanafunzi, au linalomwacha nyuma anayekwenda polepole, si la kukaa nalo. Na kabla ya kutoka, mtu mmoja nyumbani ajue njia yenu na saa ya kurudi.

Barabarani, sheria za kundi ni chache. Kiongozi anatangulia, mwenye uzoefu mwingine anafunga nyuma, na mgeni anakaa karibu na kiongozi. Hakuna kwenda bega kwa bega: mmoja anashika upande wa kushoto wa njia yenu, anayefuata upande wa kulia, na kati yako na aliye mbele yako hesabu angalau sekunde mbili. Vumbi likizidi, ongeza. Usiingie kati ya malori mawili, na usibaki mahali ambapo dereva wa lori hawezi kukuona katika kioo chake. Kwenye kila njia panda, anayetangulia anasubiri wa mwisho. Kundi likivuka Kasumbalesa, wote wakumbuke kwamba sisi tunapita kulia, Wazambia wanapita kushoto.

Kofia ngumu si pambo. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeeleza kwamba kofia nzuri iliyofungwa vizuri inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 40 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 70 kwa mia. Kofia iliyoning'inia mkononi haimlindi mtu. Ongeza viatu vilivyofunika mguu, suruali nzito na glavu. Anayependa liputa lake alibebe ndani ya mfuko, alivae akifika, maana kitambaa kinachopepea kinaweza kushikwa na mnyororo.

Kwa wanaotafuta siku ya kuanza, kuna tarehe inayojulikana. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano ni siku ya kimataifa ya wanawake waendesha pikipiki, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Vicki Gray wa Kanada. Mwezi huo kwetu mvua imekwisha na barabara zimekauka. Si lazima safari ya kwanza ifike Likasi. Kuelekea ziwa Nzilo, lililozaliwa na bwawa la umeme kwenye mto Lualaba, kunatosha: watu watatu au wanne, matangi yamejaa, breki na minyororo imekaguliwa tangu jana yake, na wote wamerudi mjini kabla jua halijazama.