Barua za Kijumwa na Madaftari Yetu

Mwanafunzi anayesoma utenzi wa Kiamu aghalabu huukuta kitabuni, kwa herufi za Kirumi, umekwisha kunyooshwa. Ni wachache wanaouliza ni mkono wa nani ulioukili. Katika tenzi si haba, mkono huo ni wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945: malenga, mnakili, mchonga milango na fundi wa muziki.

Kijumwa aliwanakilia wakusanyaji wa Kizungu: Alice Werner na William Hichens, Waingereza, na Ernst Dammann, Mjerumani aliyefika Lamu katika miaka ya 1930. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imo katika maktaba ya SOAS, London, na huko Ujerumani. Wako wanaolalamika kwamba tuliporwa. Malalamiko hayo yana uzito. Lakini makaratasi hayo yamesalia kwa sababu kuna aliyeyatia jaladani na kuyaandikia orodha.

Kwa mwanaisimu, hazina iliyo adimu zaidi humo ni barua. Utenzi hufungwa na vina na mizani, tena hupenda msamiati wa kale. Barua ni nathari. Humo Kiamu chaenda kwa miguu yake. Isitoshe, irabu za hati ya Kiarabu kwa desturi ni tatu, ilhali za Kiswahili ni tano. Anayehamishia maandishi katika herufi za Kirumi hulazimika kuchagua baina ya e na i, o na u. Waraka wa asili ukipotea, nani ataupima uchaguzi wake?

Nasi je? Afapo malenga au mwalimu mkongwe, warithi hugawana shamba na ng'ombe. Madaftari huachiwa mchwa, au huchanwa yakafungiwa njugu sokoni. Miaka 30 baadaye twamtuma mwanafunzi wa uzamili akatafiti maisha yake!

Walimu wenzangu, likizo ikifika waagizeni wanafunzi wawaulize wazee wao kuhusu sanduku lililo chini ya kitanda. Wasichukue kitu bila idhini. Wala wasiharakie kupanga upya: barua iliyokunjwa ndani ya daftari la mashairi huenda ndiyo inayoeleza shairi lilitungiwa nani. Waandike kwanza kila karatasi ilikutwa wapi, na kando ya ipi. Gundi na utepe wa plastiki viwekwe mbali.