Tezi za Kwapani: Kwa Nini Hutolewa?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Miongoni mwa maradhi ambayo kina mama wengi huyaficha ni saratani ya matiti. Wako wanaokubali kutolewa uvimbe, lakini wakiambiwa kwamba tezi za kwapani nazo zitatolewa, hukataa. Nimewasikia wakiuliza: "Maradhi yako kifuani, kwapa langu lina kosa gani?"

Suali hilo ni la haki, na jawabu lake si gumu.

Mbali na damu, mwilini mwetu mna maji yaitwayo limfu, yapitayo katika mirija myembamba. Njiani maji hayo huchujwa na tezi ndogo ndogo zilizoko shingoni, kwapani na kinenani. Tezi hizo ni askari wa mwili. Ndiyo sababu mtu mwenye jeraha la mguu huota mtoki. Maji mengi ya titi huelekea kwapani, na chembe za saratani zikiponyoka, mara nyingi hapo ndipo zituapo kwanza. Daktari akizitoa tezi na kuzitazama kwa hadubini, hujua maradhi yamefika wapi na tiba gani ifuate. Wasemao kwamba kisu ndicho kinachoeneza saratani hawasemi kweli. Kuchelewa ndiko kunakoipa nafasi ya kuenea.

Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted wa Marekani alikuwa akitoa titi zima, misuli ya kifua na tezi za kwapa kwa pamoja, na njia yake ikafuatwa miaka mingi. Leo mambo yamepungua ukali. Mwaka 1994 Armando Giuliano na wenzake walieleza jinsi ya kuitafuta katika saratani ya titi ile tezi ya kwanza, ambayo mimi napenda kuiita bawabu. Rangi ya buluu, au dawa yenye mnururisho hafifu, hudungwa kwenye titi, na tezi inayoipokea mwanzo ndiyo hutolewa. Bawabu akiwa salama, walio ndani huachwa. Mgonjwa asishtuke akiona mkojo wa kijani siku ya pili, kwani ni rangi ile tu.

Maradhi yakiwa yameingia sana, hutolewa tezi 10 au zaidi. Hapo ndipo mkono unapotaka kutunzwa, maana maji yamepungukiwa njia. Hesabu zilizokusanywa mwaka 2013 zilionyesha kwamba mkono huvimba kwa wagonjwa kama 20 katika 100 waliotolewa tezi nyingi, na kama 6 tu waliotolewa bawabu. Uvimbe waweza kuja hata baada ya miaka.

Nimemwuguza dada yangu baada ya upasuaji huo. Alitoka na mrija wa kutoa maji, na ngozi ya ndani ya mkono ilikufa ganzi. Kilichomhuzunisha zaidi ni kwamba mkono haukufika sikioni wakati wa takbira. Sala husihi hata hivyo, kwa kuwa kuinua mikono ni sunna. Kila siku alitambaza vidole ukutani, juu kidogo kuliko jana, mpaka ukafika. Udhu haukumpa taabu, kwani mwosho wa mkono huishia kwenye kiwiko. Kuhusu josho na bandeji isiyotakiwa kurowa, tulimwuliza sheikh.

Jikoni, apaaye samaki na avae glavu, mwiba usimchome. Piko kali iunguzayo ngozi isipakwe mkono huo. Mkono ukiwa mwekundu, ukawa na moto na homa ikapanda, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Basi dada zangu, kabla ya kutia sahihi mwulizeni daktari: ni bawabu pekee, au tezi nyingi? Na kwa sababu gani? Ni haki yenu kujibiwa.